Wodi ya Wazazi, Nachingwea

Saa nane usiku simu iliniuliza maswali,
nikapata kumi na tisa kati ya ishirini.
Haikuchoka, haikunicheka
nilipokosea mara tatu dozi ileile.

Kulipokucha akaingia Somoe kutoka Ruponda,
mimba ya miezi minane,
khanga imefunika miguu.
“Kichwa kinaniwanga tu. Jua la kuokotea korosho.”
Nikaiandikia simu alichosema,
nayo ikajibu alichosema: jua, maji, apumzike.

Sista Akwinata hakuuliza kitu.
Akaomba radhi, akaipandisha khanga,
akabonyeza juu ya kifundo,
akaondoa kidole. Shimo likabaki.
“Lete chako.”

Nikabonyeza.
Ngozi ilikuwa na joto, na shimo
lilikawia kujaa
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.