Ramani ya Bwana Thirsk

Mipango si matumizi, kwa hiyo napanga.
Saa nane usiku, jikoni, ghorofa ya tatu, Hull.
Mita ya gesi imebakiza pauni moja na peni kadhaa,
nami nimeimwaga Durban yote juu ya meza:
siku nne,
mbili kati yake zitaliwa na ndege.

Mwanaidi alipiga simu jioni kutoka Leicester.
Yeye anataka kila kitu:
papa nyuma ya kioo, uwanja wenye tao lipandwalo kwa ngazi,
soko la mitishamba,
mkate uliotobolewa tumbo ukajazwa mchuzi wa maharage.
"Na maduka, shoga. Usisahau maduka."
Nikamwambia, Mwanaidi, hata kule siku ina saa zile zile,
na miguu yetu ni ya kazi ya kusimama,
imeshavimba kabla hatujafika uwanja wa ndege.
Akacheka.
Kisha akaongeza bustani ya okidi.

Nikaorodhesha, nikafuta.
Nikageuza pauni kuwa randi, nikawa tajiri
kwa muda wa birika kuchemka;
nikazirudisha kuwa pauni, nikakumbuka
mtoto hana koti la baridi.

Lakini ramani ninayoifuata haimo kwenye simu.
Ni ya Bwana Thirsk wa chumba namba sita,
ninayemwogesha Jumanne na Ijumaa,
baharia mstaafu, mkono wake unatetemeka
hata barabara zote za mjini zimekuwa mawimbi.
Aliichora nyuma ya karatasi ya chakula
(upande wa pili: samaki, njegere, kastadi).
Meli yake ilitia nanga kule mwaka hamsini na saba.
"Hapa bandari. Hapa posta. Na hapa,"
akaweka nukta, akaizungushia duara mara mbili,
"pana benchi linatazama bahari.
Nilikula aiskrimu ya nanasi.
Sijapata tena furaha kama ile.
Ukifika, unikalie hapo kidogo."
Nikasema nitakaa.
Nikamfunga vifungo vya shati.

Zibuyile wa zamu ya mchana, mzaliwa wa Umlazi,
aliiona ikichungulia mfukoni mwangu.
Akaisoma kimya, kichwa upande.
"Barabara hizi zilibadilishwa majina. Hii. Hii. Na hii."
Halafu kidole kikatua kwenye nukta.
"Bibi yangu alipiga deki hoteli ya ng'ambo ya barabara,
miaka kumi na tisa.
Benchi hili alilipita asubuhi na jioni, miguu inamuuma.
Hakulikalia."
Akanirudishia karatasi, akaenda kugawa dawa.

Nikaitazama tena chini ya taa ya ukumbini.
Bandari ipo, posta ipo, hata ndege wa baharini wapo, wawili.
Maandishi yaliyokuwa mgongoni mwa benchi
Bwana Thirsk hakuyachora.

Tangu siku hiyo orodha inapungua yenyewe.
Papa wameondoka. Tao limeondoka.
(Mwanaidi hajui; nitamwambia tukiwa angani,
ambako hawezi kushuka.)
Benchi lenyewe pengine halipo,
chumvi ya miaka karibu sabini haisazi mbao.
Nitakuta la saruji, au mtu kapanga shanga zake,
nami nitaomba radhi, nijibanze ukingoni.
Nitakaa zamu mbili.
Dakika kumi za aiskrimu, kwa sababu niliahidi,
na kwa sababu mzee wa watu alikuwa kijana wa miaka ishirini
na bahari ilikuwa mpya.
Kisha saa nzima, viatu nimevivua,
nyayo juu ya benchi kabisa,
kwa ajili ya yule aliyepita.

Nje mvua inakipiga kibanda cha simu cha rangi ya maziwa.
Mita imelia.
Nimeandika: siku ya tatu, asubuhi, kukaa.
Mbele yake nimeacha nafasi ya jina la bibi.
Sikuliuliza.
Kesho, tukipokezana funguo.