Mkanda wa Sita

Picha ilikuwa na mikanda sita,
kila mmoja ndani ya bati lake la duara,
na mwaka ule wa mvua za kuvunja madaraja
mabati matano yalishushwa Tabora.
La sita lilipitiwa na usingizi behewani,
likaamkia Kigoma.

Baba, Lugusha wa stesheni,
ndiye aliyeinua bendera ya kijani
treni ile ikaondoka.
Kosa hilo hakulikana. Alilibeba
kama mtu anavyobeba jina la babu.

Usiku ukumbi wa Jivanji ulijaa hadi ngazini:
makuli wa tumbaku, wanafunzi waliotoroka bweni,
Mama Nyamizi na karanga zake za senti kumi,
wote wamemfuata Kidevu.
Jina lake hasa liliandikwa kizungu, likapita mbio.
Tulimwita kwa kile kidevu
kilichotangulia kuingia mlangoni,
mwenyewe akafuata.

Farasi hatukuwa nao. Mbung'o walishapitisha hukumu
kabla babu zetu hawajazaliwa.
Lakini Isevya nzima ilijua kushuka farasini,
na Foniksi zilifungwa kwenye nguzo kwa fundo la kamba,
hata zenye stendi.

Mkanda wa tano unaisha hivi:
Kidevu yuko peke yake katikati ya barabara
(vumbi lile ungeapa ni la Cheyo, mwezi wa tisa),
adui watatu mbele, wa nne juu ya paa, hamwoni.
Ukumbi mzima unamwambia: Juu! Juu, we Kidevu!
Mkono unashuka, taratibu, kuelekea kiunoni,
halafu weupe.
Kitambaa kitupu,
na mdudu mmoja akitembea pale palipokuwa na jua.

Stelingi hafi. Sheria hiyo haikuhitaji bunge.
Ila hafi vipi? Hapo ndipo mji ulipogawanyika.
Kapaya fundi cherehani alisema farasi atalia, atamshtua.
Mama Nyamizi akasonya: yule binti wa baa
ana bastola chini ya sinia,
mlikuwa mnatazama nini ninyi?
Watu walinuniana. Posa moja ilivunjika, nasikia.

Miaka kumi na mitatu ikapita, akashuka Bihagaze,
mtu wa Kigoma, ana debe la mawese, anangoja treni ya Mwanza.
Kwenye chai akajisemea tu:
"Sisi kule tulioneshwa kipande. Mtu kasimama vumbini, ana hasira,
na hakuna aliyejua kakosewa nini."
Baba akaweka kikombe chini.
Akamwagizia chapati mbili, akamsimulia mikanda yote mitano,
ndugu aliyezikwa bila jeneza, kisima kilichotiwa sumu,
na Bihagaze, mtu mzima, akalia juu ya chapati.
"Kumbe," alisema. "Kumbe ndiyo maana."
Alipofungua kinywa kulipa deni
treni ya Mwanza ikapiga honi.

Baba angeweza kuichelewesha. Dakika tano, nani angeuliza?
Akasimama, akavaa ile kofia yake pana,
akainua ya kijani.

Jana nimeipata picha yenyewe, kwenye simu.
Ukumbi wa Jivanji sasa ni ghala la saruji;
tulikaa uani, Baba na mimi, kioo cha kiganja.
Alitazama mikanda mitano bila kukohoa.
Kidevu akatoka barabarani.
Mkono ukaanza kushuka.

"Simamisha," akasema. "Kamwite Kapaya."
Kapaya tulimzika, Baba. Mwaka wa sita huu.
"Kamwite mwanawe. Na Mama Nyamizi, mletee kiti chenye mgongo."

Basi tunangoja.
Majirani wanaingia mmoja mmoja, wengine na mabenchi,
mtoto wa nani sijui ananuka karanga.
Chaji imebaki asilimia kumi na moja.
Wa nne bado yuko juu ya paa,
na Baba, kwa sauti ndogo, ili asimwaibishe,
ameshaanza kumwambia Kidevu: juu.