Chai Haiinami

Kila adhuhuri kamera ya Aitalina
hupiga picha moja ya nyumba ya shangazi Varvara
huko Churapcha, ambako barafu iliyo chini ya udongo
imeanza kuyeyuka.

Miaka minne. Dakika mbili.
Nyumba inapiga magoti polepole
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.
Uzio unalewa. Theluji inakuja, inakwenda, inakuja.

Lakini tazama dirishani:
shangazi na vipande vyake vya mbao,
kimoja chini ya mguu wa meza, mwaka wa pili viwili,
sasa daftari la hesabu la marehemu mumewe.

Tunamwonyesha filamu.
"Nyumba ipi hiyo inayoinama?" anauliza,
na kutusogezea kikombe:
chai imelala sawasawa.