Dole la Mize

Konde, karatasi moja
ndiyo iliyoningoja:
"Wapenzi wetu wateja,
tutakutana simuni."

Kufuli jipya la shaba;
kitabu nimekibeba,
kurasa zake si haba,
kimefutikwa kangani.

Yupo wapi Mwanahawa
wa dirisha la kutowa,
jina langu akijuwa
ningali bado foleni?

Kidole akilowesha,
noti akazipitisha,
akahesabu, na kisha
salio, la sikioni:

"Bi Mize, zi laki mbili
za vuno, zote kamili."
Siri ya watu wawili
ikazikwa kitabuni.

Sasa niende kwa Faki,
anauza na samaki:
"Leo pesa hazitoki,
mtandao uko chini."

Mtandao ukirudi,
floti yake haizidi
elfu kumi; sina budi
kurudi tena jioni.

Na namba yangu ya siri,
mjukuu, bila shari,
huisoma kwa fahari
mbele ya watu dukani.

Simu yataka kidole.
Nikaweka hiki, kile,
ikagoma vilevile:
havina mistari ndani.

Imeliwa na usumba
na kusokota makamba
tangu ningali mchumba
kule pwani Micheweni.

Nikipanda gari, Wete
foleni ni Pemba yote;
saa nane, sisi sote
twafungiwa barazani.

Simu siitukani, la:
mwanangu hutuma hela,
zikafika nimelala,
kutokea Darajani.

Lakini mchuma wangu
ashuka na pishi zangu;
simu hana, ni wa Mungu,
nimlipe mkononi.

Na sadaka ya maiti:
mkeka, sahani, noti.
Nitume ujumbe, eti,
kwa aliye kaburini?

Tumeandika kwa Sheha
barua bila madaha:
kiti kimoja, si jaha,
na mtu akae ndani.

Wino ukaletwa; nami,
wa mia mbili na kumi,
dole hili, ndilo mimi,
nikalitia winoni.

Doa jeusi, hafifu,
halina mistari, safu;
likabaki na harufu
ya karafuu pembeni.

Sheha kaguna, "La Mize."
Hana haja aulize,
wala mtu amweleze;
kalitia bahashani.