Sehemu ya Saba

Kanda ilikuwa imeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo.
Hokororo, fundi redio wa Luchingu, akaisafisha kwa spiriti na pamba,
akaihamishia kwenye flashi, akataka elfu nane.
Nikampa bila kubishana. Nilikuwa na miaka tisa
mara ya mwisho kuiona, benchi la mbele, banda la Mchopa,
betri ya gari chini ya miguu yetu
na sote tukipiga mayowe: Kimbia! Wameshakujua!

Leo naitazama sebuleni, Newala, umeme upo.
Sikumwita mama. Alikuja mwenyewe aliposikia kile king'ora,
akakaa mkekani na sinia lake la korosho,
majivu vidoleni, akaanza kubangua.

Jamani, chombo cha angani ni cha mbao!
Naona msumari. Naona mkono wa mtu
ukisukuma mlango uliosemwa unajifungua wenyewe.
Nyota ni matundu kwenye shuka jeusi
na upande mmoja wa anga unapepea.
Zamani sikuyaona haya. Zamani niliamini mpaka nikashikwa na homa.

Jasusi anashuka kwenye sayari ya watu wa buluu.
Wakubwa wake wamempaka rangi, wamemfundisha kuinama,
kucheka kwa bega, kula bila kuonyesha meno.
Kazi ni siku arobaini: ahesabu silaha, arudi.
Anakaa miaka. Anaoa. Anapanda kitu kama mtama,
masuke yake ya plastiki.
Mkewe anamuuliza, ulizaliwa bonde gani?
Naye analitaja, haraka mno,
kama mtoto anayeogopa kusahau alichotumwa dukani.

Mama ameacha kubangua.

Usiku jasusi analala katikati ya shemeji zake
na usingizini anahesabu.
Anahesabu kwa lugha ya kwao.
Gizani, jicho moja la buluu linafumbuka.

Hapa ndipo tulipokuwa tukipiga mayowe.
Leo kimya, halafu mama anasema, kwa sauti ya fundi
anayekagua kazi ya fundi mwenzake:
“Mjinga. Angelala nje. Angesema ana kikohozi.”

Mama yangu alikohoa utoto wangu wote.
Alilala barazani, masika na kiangazi,
na madaktari wa Ndanda hawakuona kitu kifuani.

Sikugeuza shingo.
Nilikumbuka foleni ya vitambulisho, ofisi ya kata,
kijana mwenye kalamu nyekundu: Mama, wewe si wa ng'ambo ya Ruvuma?
Kijiji ulichozaliwa? Balozi wenu alikuwa nani?
Na yeye: Mnyambe, mtaa wa chini, mzee Nantanga.
Haraka mno.
Nikakumbuka usiku wa mvua, baraza likivuja,
alipolazimika kulala nasi chumbani, na gizani nikasikia
ung, doish, tresh.
Nikadhani ni dua. Asubuhi nikamuuliza dua ya nini,
akanizaba kofi, la pekee alilowahi kunipiga,
kisha akanikaangia yai peke yangu.

“Rudisha nyuma.”
“Wapi?”
“Pale kisimani.”

Narudisha. Jasusi anainama kuchota maji
na nyuma ya sikio rangi imeyeyuka kwa joto la mataa:
ngozi yake halisi, upana wa ukucha.
Watu wa buluu hawakuiona. Waliotengeneza picha hawakuiona.
Mama anacheka mpaka machozi,
anayafuta kwa kiwiko, maana mafuta ya korosho yanaunguza.

Kanda inakatikia pale pale, jicho likiwa wazi.
Sehemu ya nane Mchopa hakuwahi kuipata,
na tulipigana shuleni juu ya mwisho wake, wengine hadi damu.

“Unadhani walimfanya nini?”
“Nani?” Anachagua korosho, anaipuliza.
“Yule mkewe alijua siku nyingi.”
“Alijuaje?”

Hanijibu. Sinia linalia tik, tik.
Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na kifua cha chuma.
Naye alianza kukohoa mwaka ule waliooana,
akachukua mkeka wake, akamfuata barazani.