Hodhi

Kwenye picha ya simu lilikuwa jeupe, limejaa pomoni,
hodhi refu, mtu angelala na kunyoosha miguu,
na taulo pembeni limekunjwa mfano wa bata.
Nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akauliza:
"Hayo maji yote ni ya mtu mmoja?"

Mama ni wa Newala, wa enzi za kushuka bondeni usiku
na kupanda alfajiri, mtungi kichwani;
maji ya kunawa uso ndiyo ya kuoshea bakuli,
ya bakuli ndiyo ya mche wa mpapai.
Kwa hiyo korosho za mwaka huu zilipolipwa
nikasema: siku nne, Mtwara, Shangani,
mama akaloweke mifupa.

Pesa ilitangulia. Sisi tukaifuata.

Mlango haukubali ufunguo mpaka upigwe goti.
Feni ilizunguka mara tatu, ikakumbuka jambo, ikaacha.
Pazia ni lile lile la pichani, ila picha haikuwa na harufu.
Godoro lina bonde katikati:
waliotutangulia wametuachia umbo lao.
Kwenye friji, nusu limau na betri mbili.

Na hodhi? Lipo. Sikatai, lipo.
Ndani yake mfuko wa saruji iliyoganda,
majani ya mwarobaini, na mjusi asiyetutambua.
Nikafungua bomba. Likakohoa,
likatoa hewa ya moto, likanyamaza
kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Nikampigia mwenye nyumba. Yuko Dar.
Akaniita "dada mpendwa", akasema fundi yuko njiani.
Fundi huyo hadi leo yuko njiani.

Aliyekuja ni Chilumba, mlinzi, na baiskeli,
madumu manne ya njano, mia tano kila dumu.
Nilikuwa nimemwandalia maneno. Akaniwahi:
"Mimi mwenyewe huu mwezi wa sita sijalipwa.
Hiyo saruji nilinunua mimi, nizibe ufa. Mvua haikungoja."
Maneno yangu nikayameza, na miiba yake.

"Tumetoka Newala," mama akasema,
"kuja kununua maji Mtwara!"
Akacheka mpaka akashika ukuta,
na ukuta ukamwachia chokaa mkononi.

Usiku wa tatu nikashtuka, upande wake kitandani mtupu.
Nikamkuta bafuni, tochi ya simu imelala sakafuni.
Mjusi amemfukuza, majani ameyafagia,
saruji ameisukumia mwisho, akajilaza hodhini
na kanga yake, mkavu kabisa,
visigino vyenye nyufa juu ya ule mfuko.
"Mama, unafanya nini?"
"Nyamaza. Napima."

Akakaa kidogo.
"Ningeenea," akasema.

Asubuhi aliomba ndoo.
Kata tatu, kama siku zote, na ya nne
akaumwagia mwarobaini, kupitia dirisha lisilo na kioo.