Ardhi Sita

Nandonde kaileta kwa toroli, imefunikwa kanga:
amplifaya ya kukodisha, ya siku za kutoa wali.
"Inavuma," anasema. "Mtu hajafungua mdomo,
yenyewe imeshaanza."

Nachomeka. Kweli.
Sauti nene, ya chini, kama nyuki waliohamia pipani.
Mara hamsini kwa sekunde,
umeme wa nguzoni umeingia ndani bila hodi.

Dadi, mwanafunzi wangu, ana dawa ya haraka:
kashika koleo, anataka kuing'oa pini ya tatu ya plagi.
Nampiga mkono.
Itanyamaza, ndiyo. Halafu Jumamosi
kungwi ashike maikrofoni kwa kiganja cha jasho,
miguu peku, mchanga umemwagikiwa togwa,
ndipo tujue kimya kile tulikikopa kwa nani.

Nafungua mfuniko.
Salfa ya mikorosho imelala juu ya transfoma, manjano,
na aliyenitangulia humu alikuwa mtu wa huruma:
kila waya mweusi aliouona aliuzika bodini,
skrubu hapa, skrubu pale, risasi juu ya kutu.
Ardhi sita.
Alidhani ardhi ni kama dua, haina kuzidi.

Sikia, Dadi. Ardhi mbili hazilingani.
Baina ya skrubu na skrubu pana tofauti,
uzito wa unyoya tu,
na umeme ukiiona tofauti haukai. Unazunguka.
Mzunguko huo ndio unaoimba.

Nayajua haya kabla ya kushika pasi ya kulehemu.
Baba alikuwa na nyumba mbili,
Luchingu moja, Kitangari moja,
na sisi watoto tulikuwa waya.
"Kamwambie mama yako mdogo chumvi imekwisha."
"Kamwambie aliyekutuma chumvi haiishi, huishwa."
Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyevunja chungu.
Ila usiku ukilaza sikio ukutani
nyumba zote mbili zilivuma.

Nazing'oa zote sita.
Nakwangua rangi mpaka chuma king'ae kama jino,
skrubu moja, jirani na kapasita kubwa.
Wa spika uje kwa njia yake,
wa transfoma kwa yake,
na huu mwembamba wa maikrofoni usitembee na wakubwa,
wakutane hapa tu, kama vidole kwenye kiganja.
Ngozi ya waya naifunga upande mmoja.
Upande wa pili naiacha, haina mtu wa kumpelekea habari.

Kisha natoka nyuma ya duka, kwenye fimbo ya shaba.
Oktoba ya Newala: udongo mwekundu,
mkavu kama salamu ya mdai.
Ardhi ipo, haipokei.
Naomba dumu la maji kwa Somoe wa mgahawa.

"Maji yapande mlima toka bondeni,
mimi nisuuzie vikombe kwa kuhesabu,
wewe unywesha chuma?"
Lakini analeta. Namwaga
juu ya mkaa uliopondwa na ngumi mbili za chumvi ya Lindi.
Udongo unakunywa kwa sauti, kama ng'ombe.

"Sasa imenyamaza?"
Nakosa uongo wa kumpa. Maji hayakugusa mvumo.
Masalia yake niliyamaliza ndani,
kwa kuigeuza transfoma robo duara, ikatazama kwingine.
"Basi maji yangu ya nini?"
"Ya mkono wako, Somoe. Kungwi wa Jumamosi si wewe?"

Anakitazama kiganja chake. Hasemi.

Nandonde anainama, sikio kwenye spika.
"Umeizima?"
Namwonyesha taa nyekundu. Inawaka.
Anarudisha sikio. Dadi naye anaweka lake.
Kwenye kimya kile nasikia
kijiko kikigonga sufuria mgahawani,
mtu akipiga chafya ng'ambo ya barabara.

Somoe anaichukua maikrofoni, hajui ashike wapi,
anakohoa kidogo tu,
na stendi nzima inageuka.